Mengineyo: Maswali Yasiyo na Dawati Kambini Nduta

Ajenda ya mkutano wa Kiswahili, uwe wa kamati ya shule au wa baraza la madiwani, mara nyingi huishia na kipengele cha Mengineyo. Hapo wajumbe huanza kukusanya makaratasi yao, na hapo hapo mama aliyekaa nyuma tangu asubuhi huinua mkono. Aliyewahi kuandika kumbukumbu za vikao anajua kwamba jambo lililowatoa watu nyumbani mara nyingi hujitokeza wakati huo, kalamu ya katibu ikiwa imeshachoka. Makala haya yanahusu mengineyo ya kambi ya wakimbizi ya Nduta, wilayani Kibondo, Tanzania, pamoja na watu wanaojitolea kuwajibu majirani zao maswali ambayo hayana dawati.

Hoja ninayoipinga ina umri wa miongo miwili hivi. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilitoa Ripoti ya Maafa Duniani iliyobeba mada ya habari. Lilisisitiza humo kwamba aliyekumbwa na maafa anahitaji taarifa kama anavyohitaji maji, chakula, dawa na makazi. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na kilichofuata, kwani taarifa ilianza kutendewa kama maji kwelikweli: ina chanzo, ina bomba, ina mtu aliyeshika ndoo. Ikichafuka huitwa uvumi, na hutiwa dawa ya "taarifa sahihi". Katika picha hiyo anayejibu maswali ya jirani ni bomba, na hupimwa kama bomba: asivuje, asichelewe.

Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015, miezi michache baada ya machafuko yaliyozuka Burundi Rais Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu. Ilikusudiwa watu 50,000, lakini kufikia 2017 ilikuwa na zaidi ya 100,000. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hukaa katika eneo alilotengewa na hutoka kwa kibali. Mkulima wa kijiji cha jirani akitaka kujua bei ya mahindi huenda mnadani. Aliye kambini huuliza kwanza kama kutoka kunaruhusiwa, kibali kinaombwa kwa nani, na aliyetoka wiki iliyopita alirudi salama au la. Mengine ni madogo zaidi. Kadi ya mgawo imeloa mvua. Jina la mtoto kwenye kadi ya kliniki haliandikwi kama lile la kadi ya familia. Mkwe aliyeandikishwa kambi ya Nyarugusu anataka kuhamia huku. Ndugu aliyerejea Ruyigi, Burundi, hapatikani kwenye simu, na hakuna anayejua aulizwe nani. Yapime maswali haya kwa sekta za misaada, yaani afya, maji, chakula, makazi na ulinzi, utaona kila moja linagusa mbili au tatu na halikai sawasawa popote. Kwa hiyo huenda kwa mtu: kiongozi wa zoni, mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu, kijana ambaye simu yake ina chaji, mama anayejulikana kwamba fomu hazimshindi.

Neno "kujitolea" nalitumia kwa tahadhari. Wengi wa watu hawa hupokea posho ya shirika kwa kazi moja iliyotajwa, kisha jioni hujibu mambo kumi yasiyotajwa popote. Ninayemzungumzia ni huyu wa jioni. (Kiswahili hakijampa jina linalokaa vizuri. Ukimwita mjibu, wingi wake utakuwa wajibu, na neno hilo lina kazi nyingine tayari.)

Kuhusu uvumi maandishi ni mengi, nami nitayapitia haraka. Wanasaikolojia Allport na Postman waliandika mwaka 1947 kwamba uvumi hukua kadiri jambo linavyokuwa zito kwa msikilizaji na kadiri lilivyo na utata. Mashirika yaliuchukua utata na kuusahau uzito. Mwanasosiolojia Shibutani, mwaka 1966, alikwenda mbali zaidi alipouona uvumi kuwa ni watu wakitafuta kwa pamoja njia ya kuielewa hali isiyoeleweka. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizisoma hadithi za wazimamoto wanyonya damu za Afrika Mashariki bila kuhangaika kuzikanusha. Aliye karibu nasi kuliko wote ni mwanaanthropolojia Simon Turner, ambaye katika kambi ya Lukole, Ngara, alionyesha jinsi tetesi kuhusu mataifa makubwa zilivyowasaidia wakimbizi wa Burundi kupata mahali pao katika dunia iliyokuwa ikiwaamulia. Nakubaliana na mengi kati ya haya. Lakini wote watano wanaanza na jibu. Uvumi ni jibu ambalo tayari linatembea, na nyuma yake kulikuwa na swali. Swali hilo liliulizwa kwa neno gani? Kwa Nduta neno hilo tunalo, na naona lina uzito kuliko linavyopewa.

Kwa Kirundi, kuuliza ni kubaza, na kutokana na kitenzi hicho hupatikana nomino ikibazo. Ikibazo ni swali. Ikibazo pia ni tatizo. Mtu akisema "mfise ikibazo", huenda ana swali, huenda ana shida, na huenda bado hajaamua lipi kati ya hayo atakalolitoa. Akisema "nta kibazo", maana yake ni kwamba hakuna tatizo. Kiswahili kimekwenda njia nyingine. Kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu tumepata maneno mawili, swali na suala, kisha tukayatenga: swali hujibiwa, suala hushughulikiwa. Ofisi zetu zimeongeza la tatu, lalamiko, lenye sanduku lake na kufuli lake.

Sasa mtazame anayepokea neno kwa Kirundi, analipeleka kwa Kiswahili, na mwisho wa mwezi linaandikwa kwenye ripoti ya Kiingereza. Yeye ndiye anayeamua ikibazo alicholetewa ni swali, suala au lalamiko. Chukua mfano wa mwanamke anayeingia uani na kusema ana ikibazo: mgawo ni lini? Tarehe imebandikwa ubaoni, na ameupita ubao akija. Bomba litajibu: Jumanne. Anayemfahamu atakumbuka kwamba kadi ya kaya ina jina la mume, na mume hajaonekana tangu juzi. "Jumanne" ni jibu sahihi, limetolewa bila kuchelewa, na mwanamke ataondoka nalo kama alivyokuja. Kwenye fomu ataingizwa chini ya maombi ya taarifa, na jambo lake litahesabiwa kuwa limekwisha. Ukijumlisha fomu za namna hii mwisho wa mwezi utapata huduma isiyo na dosari.

Kasoro hii imekuwamo katika viwango vyenyewe. Toleo la mwaka 2014 la Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu, ambalo mashirika mengi ya misaada yaliliridhia, lilikuwa na ahadi tisa. Ya nne ilihusu mawasiliano, ushirikishwaji na maoni. Ya tano ilihusu malalamiko. Kila moja ni njema, lakini ikibazo huanguka katikati yake, na anayejitolea ndiye hukiokota.

Nitaambiwa kwamba neno moja lenye maana mbili halithibitishi kitu, kwa kuwa Mrundi anajua vizuri tofauti ya swali na tatizo. Bila shaka anaijua. Nisemalo ni dogo kuliko hilo: lugha yake inamruhusu kuichelewesha tofauti hiyo. Anaingia kwa mtu na ikibazo, anamtazama usoni, na akiona uso umefunga, basi lilikuwa swali tu, amejibiwa, anaaga na heshima yake. Uso ukifunguka, tatizo linatoka. Fomu ya Kiswahili humtaka aseme mlangoni alichokuja nacho, mbele ya foleni. Kwa sababu hii nathubutu kusema kwamba Muha wa Kibondo aliyeishia darasa la saba, ambaye lugha yake na Kirundi ni ndugu wa karibu, husikia maswali ya Nduta vizuri kuliko mwenye shahada aliyeletwa kutoka Dar es Salaam na kamusi. Labda nimevuka mpaka kidogo, lakini sirudi nyuma.

Kuna swali moja linaloionyesha hoja hii kuliko mengine: je, kambi inafungwa? Kwa mtazamo wa bomba, hili ni swali la ndiyo au hapana, na kama hakuna tamko la serikali, jibu ni kwamba hakuna taarifa rasmi. Lakini muulizaji ana historia. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa Desemba 2012, baada ya hadhi ya ukimbizi ya wakazi wake wengi kukomeshwa Agosti mwaka huo, na watu zaidi ya 30,000 wakarudishwa Burundi ndani ya miezi michache. Baadhi yao walivuka mpaka tena kuanzia 2015. Agosti 2019 serikali za Tanzania na Burundi zilikubaliana kuwarejesha wakimbizi, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kangi Lugola, alitangaza kwamba kazi ingeanza Oktoba 1. Desemba 2021 kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa na watu wake kuhamishiwa Nduta. Kwa mtu aliyepitia hayo, "hakuna taarifa rasmi" ni maneno aliyokwisha kuyasikia yakiwa kweli hadi siku yalipoacha kuwa kweli. Anachouliza ni kama apande mihogo, ambayo hukaa ardhini mwaka na zaidi, au apande mboga za miezi miwili. Jirani anayejibu "mimi nimepanda mchicha" amelijibu swali hilo, wala hakusambaza uvumi wowote.

Pingamizi zito zaidi ni la madhara. Mtu asiye na mafunzo akikosea kuhusu dawa, au kuhusu matokeo ya kujiandikisha kurejea kwa hiari, kosa lake halifutiki. Ni kweli, nami sitaki mtu wa jioni atoe dozi. Lakini nchi hii imewahi kuwaamini watu wa kawaida kwa mambo mazito. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitegemea redio na vikundi vya wasikilizaji, ambavyo viongozi wake wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alitakiwa kusikiliza kipindi pamoja na wenzake, kuongoza mazungumzo, na kuwauliza hapa kwetu tufanye nini. Redio ilizungumza na taifa, na yeye alizungumza na watu waliokuwa mbele yake. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, imefanya mengi kwa kambi za ukanda huu, lakini hata redio nzuri haioni uso wa muulizaji.

Lipo pingamizi jingine ambalo siwezi kulimaliza. Turner aliwaona Lukole viongozi wa mitaa na waajiriwa wa mashirika wakigeuka wakubwa wa kambi, na ujuzi wao wa mambo ya ofisini ukawa mtaji wa siasa. Anayeulizwa na wote hujua shida za wote, na hapo kuna nguvu. Kuwafanya wawe wengi, ili mtu akimkosa au akimwogopa mmoja aende kwa mwingine, kutapunguza hatari hiyo kwa kiasi. Kuwasajili na kuwavalisha fulana za shirika nadhani kutaiongeza.

Ninachopendekeza si ghali. Fomu ianze na nafasi tupu ambapo maneno ya muulizaji yataandikwa kwa lugha aliyoyasema, na visanduku vya aina ya jambo vijazwe baadaye, na yule aliyesikia. Kisanduku cha "mengineyo" kisihesabiwe kuwa ni uzembe wa mjazaji. Na kambi inapohamishwa, mtu aulize mapema ni nani walikuwa wakiulizwa. Mtendeli ilipofungwa, orodha zilihesabu kaya na watu. Aliyekuwa akifuatwa na zoni nzima kwa kadi zilizoloa na majina yaliyokosewa aliteremka Nduta akiwa jina moja kati ya mengi, katika zoni ambayo hakuna aliyemjua, naye akalazimika kuuliza maji yanachotwa wapi.