Ligi Kuu ya Wanawake: msimu unavyokwenda, nilivyouona kutoka Sigalagala

Kila nikiteremka Mombasa kwa likizo, swali la kwanza barazani ni lile lile. Huko bara mnalishwa nini hata kila kikosi cha Harambee Starlets kimejaa majina ya Kiluhya? Huwajibu kwa mzaha kuwa ni mrenda na ugali wa mtama. Leo nimeona niandike jibu lenyewe, maana wengi tunashangilia Starlets bila kujua wanatoka kwenye ligi gani na ligi hiyo inaendeshwa vipi.

Sigalagala, ninakofanya kazi ya kuweka nyaya za umeme majumbani, ni kituo kilicho kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ukishapita Chavakali na kabla hujafika Khayega. Barabara ya kwenda Butere inakatia hapo hapo. Kinachojulikana zaidi ni chuo cha kitaifa cha ufundi, ndiyo maana kituo kimejaa vijana, vibanda vya chapati na bodaboda. Jioni yoyote isiyo na mvua (na mvua huku ni ya kila siku alasiri, mjue) utakuta wasichana wanacheza mpira na hakuna anayesimama kuwashangaa. Hilo ndilo lililonigusa kwanza. Kwetu Kisauni nilikokulia, msichana akitoka na daluga mkononi mtaa mzima ulikuwa na la kusema.

Ligi Kuu ya Wanawake ya Kenya iko chini ya shirikisho la soka nchini, FKF. Mpangilio wake ni wa kawaida: kila timu hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, ushindi ukiwa alama 3 na sare alama 1. Mwenye alama nyingi ndiye bingwa, na wa mkiani hushushwa daraja. Zamani msimu ulifuata mwaka wa kalenda. Siku hizi huanza miezi ya mwisho ya mwaka na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata, kama ule wa wanaume.

Bingwa hupata tiketi ya kuiwakilisha Kenya katika mchujo wa CECAFA wa klabu, na anayeshinda mchujo huo huenda Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake, iliyoanzishwa na CAF mwaka 2021. Kabla ya hapo bingwa wa Kenya alikuwa akinyanyua kombe, anapiga picha na kurudi nyumbani. Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Ukitazama orodha ya mabingwa utaona habari ya pesa imeandikwa humo. Thika Queens walitawala katikati ya miaka ya 2010. Kisha wakaja Vihiga Queens, majirani zetu hapa, waliotwaa taji 2017, 2018 na 2019 mfululizo. Nguvu yao ilikuwa serikali ya kaunti, iliyobeba gharama za timu wakati klabu nyingine zilikuwa zikipitisha kofia kutafuta nauli. Msimu uliofuata ulikatizwa na korona. Thika wakarudi kileleni 2021, Vihiga wakachukua taji la nne 2023, na tangu hapo Kenya Police Bullets wamekuwa mabingwa 2024 na 2025. Police Bullets hawakuanza kama timu ya polisi. Ilikuwa timu ya Nairobi ikiitwa Makolanders, na klabu ya polisi ikaichukua mwaka 2023. Kanuni za leseni za CAF zinazitaka klabu za wanaume zinazotaka kucheza mashindano ya Afrika ziwe na timu ya wanawake pia, na kanuni hiyo imefanya klabu nyingi kubwa zikumbuke ghafla kuwa wanawake wanacheza mpira. Jeshi nalo lina Ulinzi Starlets.

Mwaka wa Vihiga ambao watu wa huku hawausahau ni 2021. Mchujo wa CECAFA ulifanyika Kasarani, na Vihiga wakawafunga CBE ya Ethiopia 2-1 kwenye fainali. Novemba wakawa Misri kwenye ile Ligi ya Mabingwa ya kwanza kabisa. Walipoteza kwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, waliokuja kuwa mabingwa, na kwa AS FAR ya Moroko, lakini wakawashinda Rivers Angels ya Nigeria. Sasa sikilizeni vituko: wasichana wakiwa huko huko Misri, waziri wa michezo alilivunja shirikisho lililowapeleka. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwisho wa Novemba mwaka huo. Starlets walikuwa wakutane na Uganda kuwania nafasi ya Kombe la Afrika 2022. Mechi haikuchezwa, Uganda ikapita. Mchujo wa CECAFA wa klabu mwaka huo ulifanyika Tanzania bila timu ya Kenya. Wazee waligombania ofisi, wasichana wakapoteza mwaka mzima wa miguu yao, na mchezaji hana miaka mingi ya kupoteza.

Nirudi kwenye swali la barazani. Jibu lake liko shuleni. Magharibi mashindano ya soka ya wasichana wa sekondari ni jambo la heshima. Butere Girls na Archbishop Njenga ziko kaunti hii hii ya Kakamega, na Wiyeta iko jirani, Trans Nzoia. Msichana mwenye mguu mzuri hutafutwa akiwa bado darasa la msingi, na mara nyingi shule humpunguzia karo. Mzazi asiyejali mpira hata chembe anaujali akiona risiti ya karo. Akimaliza kidato cha nne, klabu za ligi zinamjua kwa jina. Jentrix Shikangwa, aliyefunga mabao yote mawili Kenya ilipoichapa Tanzania 2-0 na kutwaa kombe la CECAFA pale Chamazi mwaka 2019, alipitia Vihiga Queens kabla ya kwenda nje na baadaye kuwa nyota wa Simba Queens.

Wala Pwani hatujakosa vipaji. Jina la Esse Mbeyu Akida halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kilifi. Ndiye aliyefunga dhidi ya Ghana Kenya ilipocheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, Kamerun 2016, na amecheza soka Israeli, Uturuki na Ugiriki. Shirika la Moving the Goalposts limewafundisha wasichana mpira Kilifi tangu 2001. Mombasa Olympic walicheza ligi kuu miaka kadhaa. Vipaji tunavyo. Kinachotushinda ni barabara.

Pigeni hesabu. Kutoka Mombasa hadi Kakamega ni zaidi ya kilomita 800. Timu ya Pwani ikipangiwa mechi na timu ya Magharibi inaondoka siku moja kabla, inalala njiani au inafika alfajiri, inacheza saa tisa mchana na miguu iliyovimba, kisha inarudi usiku. Watu zaidi ya 20, pamoja na kocha na daktari kama yupo. Basi, chakula, malazi. Timu iliyo Nairobi inapanda matatu kwenda kucheza na mwenzake, na ya huku hukutana na jirani yake kwa nauli ya kawaida. Ya Pwani haina jirani, kila mechi ya ugenini kwake ni safari.

Usiyeijua ligi hii utafikiri jedwali linapangwa na mabao peke yake. Jumamosi moja nilikwenda Mumboha, uwanja ulioko Luanda ambao Vihiga Queens wameutumia sana kama nyumbani. Nilipanda matatu Sigalagala, nikapita Chavakali, Mbale na Majengo, nikafika mapema nikatafuta kivuli. Wenyeji walipasha misuli, wakavaa jezi, wakapanga mstari. Wageni hawakuonekana. Refa alisubiri muda wake, akapuliza, akaandika kitabuni. Alama 3 na mabao ya bwerere. Mzee mmoja kando yangu, aliyekuja kwa baiskeli, aliuliza kama anarudishiwa kitu. Hakuwa amelipa kiingilio, alimaanisha mchana wake. Wageni, tuliambiwa baadaye, walikosa pesa za basi. Timu isiyofika mara kadhaa huadhibiwa na mwisho huweza kuondolewa ligini, na hapo wasichana 25 hubaki bila klabu katikati ya msimu.

Ndiyo maana siwalaumu wanaokimbilia timu za polisi na jeshi. Huko basi lipo, mshahara upo, na msichana anaweza kutumaini kazi ya kudumu baada ya mpira. Lakini kila mmoja anayeondoka huacha pengo katika timu ya kijijini iliyomlea, na kwa kawaida timu hiyo haipati hata shukrani.

Jambo hili lilifika mlangoni kwangu. Binti wa mama mwenye nyumba wangu ni beki wa kushoto, na alikuwa mwaka wa pili akisomea ushonaji. Klabu moja ya Nairobi ilimtumia karatasi. Mama alikuja usiku na taa ya simu, akagonga.

"Wewe Mpwani, umesoma. Nisomee hii, usinifiche kitu."

Ilikuwa kurasa mbili. Kulikuwa na posho ya kila mwezi, nyumba ya pamoja na muda wa mkataba. Nilizisoma mara mbili nikitafuta neno matibabu, sikuliona. Nikamwuliza binti, akivunjika mguu nani analipa? Akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu. "Mimi. Nitauza ng'ombe."

Hatukubishana. Tulimwandikia meneja ujumbe wa adabu tukiomba mambo mawili yaandikwe: klabu ilipe hospitali akiumia kazini, na aruhusiwe kurudi kufanya mitihani yake ya ushonaji. Siku nne hakuna jibu, na binti alinuna akaacha hata kunisalimu, akidhani nimemharibia bahati. Siku ya tano karatasi ikarudi. Sharti la matibabu limeongezwa, la mitihani halimo. Mama akasema mguu kwanza, cherehani itangoja. Binti akatia sahihi na kupanda basi la usiku.

Kwa wazazi wa Pwani ambao binti zao watapelekewa karatasi kama hiyo, na zitakuja, maana Oktoba 2025 Starlets waliitoa Gambia kwa jumla ya mabao 4-1 na kurudi Kombe la Afrika baada ya karibu miaka kumi, na klabu sasa zinatafuta wachezaji kila kona: tazameni nani analipa hospitali, mkataba ni wa misimu mingapi, nani anashika pesa klabu nyingine ikimtaka, na kama ana ruhusa ya kusoma. Ombeni nakala. Aliye chini ya miaka 18 hasaini peke yake, mzazi au mlezi lazima awepo. Msiogope kuonekana wasumbufu.

Ligi yenyewe ni rahisi kuifuata. Mechi nyingi huchezwa wikendi alasiri, viwanja vingi havitozi kitu, na matokeo hutolewa mtandaoni siku ile ile. Mimi hugongewa mlango kila Jumapili jioni. Mama huketi kwenye kiti cha plastiki, nami nafungua jedwali kwenye simu na kumsomea kutoka juu hadi chini, hata timu asizozijua. Kisha huuliza kama binti amecheza. Hadi naandika haya amekaa benchi mechi tatu, na ya nne aliingia dakika 12 za mwisho.