Uzito wa Tanzam

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo wengi bado wanaiita Tanzam, haijawahi kukosa mpango wa kuiboresha. Tangu miaka ya 1960 kumekuwa na lami mpya, lami juu ya lami, upanuzi wa njia milimani na mijini, hadi kufikia njia nane za kutoka Kimara kwenda Kibaha. Ukiifuatilia historia hiyo kwa utulivu, unakuta jambo lisilotajwa sana siku za kuweka mawe ya msingi. Fedha za kuijenga barabara hii zilipatikana, na zilipatikana zaidi ya mara moja. Kilichoadimika ni vitu viwili ambavyo hakuna anayevikatia utepe: udhibiti wa uzito wa malori na fedha ya uhakika ya matunzo. Hoja yangu ni kwamba mpango wa muda mrefu wa ushoroba huu huamuliwa kwenye mizani na kwenye tozo ya mafuta kabla ya kufika kwenye meza ya mchoraji, na kwamba kila kizazi kilichosahau hilo kimelipa gharama ya kujenga upya kilichokwisha kujengwa.

Tunaizoea njia ya kutoka bandarini kwenda nyanda za juu kana kwamba ilikuwapo siku zote. Wakati wa Waingereza haikuwa hivyo. Barabara iliyowashughulisha wakoloni ilipanda kaskazini: kutoka Tunduma hadi Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa na Arusha, kisha Namanga na Nairobi, ikiwa kipande cha ile ndoto yao ya kuunganisha Cape na Cairo. Kilichoigeuza ramani ni siasa za Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru, na mwezi uliofuata Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta haina njia ya kupitishia mafuta. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa kwa miezi kadhaa, lakini ndege haziwezi kulisha migodi ya shaba. Mzigo ukaangukia malori. Yalitoka Dar es Salaam na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa udongo na changarawe. Masika yalipoanza, udongo ukawa tope na msururu ukasimama, na waliokufa kwenye kona na makorongo walikuwa wengi kiasi cha njia hiyo kuitwa duniani njia ya jehanamu. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya usafirishaji, kila nchi ikiwa na hisa asilimia 35 na kampuni ya Kiitaliano asilimia 30, na malori ya Fiat yakawa sura ya barabara hiyo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo Tanzam ilizaliwa katika dharura, na alama ya dharura ilibaki mwilini mwake. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema mwaka 1964 kwamba reli ya kwenda Zambia haitalipa, afadhali barabara. Wachina wakakubali kujenga reli, mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, na Wamarekani, ambao hawakutaka kuachwa nyuma katika vita baridi, wakagharimia sehemu kubwa ya barabara, huku Benki ya Dunia na Sweden wakichukua nyingine. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Barabara ya lami ilikamilika kwenye miaka ya mwanzo ya 1970, zaidi ya kilomita 900 kwa upande wa Tanzania. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi 1976. Ndani ya miaka kumi nchi mbili maskini zilipata njia tatu za kwenda baharini, na anayesema Afrika huru haikuwahi kutekeleza mipango mikubwa hajui miaka hiyo. Ila kila mfadhili alikuja na kipande chake, akakikamilisha, akaondoka. Swali la nani atazibua makalavati miaka 15 baadaye halikuwa na mfadhili.

Mtu anaweza kusema kwa haki kwamba watu wa 1968 hawangeweza kuona mbele. Nakubaliana naye kwa sehemu, na matukio yanamuunga mkono. Januari 1973 Smith alifunga mpaka wake na Zambia. Alipoufungua tena, Rais Kaunda wa Zambia akakataa kuutumia, na shehena ikamiminika Dar es Salaam. Mwaka 1975 vita ya Angola ikafunga reli ya Benguela. TAZARA ilipoanza ikapunguza mzigo barabarani, lakini Oktoba 1978 Zambia ililazimika kurudi njia ya kusini kupitia Rhodesia, na mwaka mmoja baadaye makomando wa Rhodesia wakalipua madaraja ya Chambeshi nchini Zambia. Hakuna mtaalamu ambaye angechora mstari ulionyooka wa ongezeko la magari kupitia miaka kama hiyo. Lakini hapo ndipo ninapoachana na utetezi huo. Kama idadi ya magari haitabiriki, basi mpango wa busara ungesimama juu ya mambo yasiyotegemea utabiri. Yaje malori mia au elfu, kila moja lina ekseli, na kila ekseli inaweza kupimwa. Mvua ya Iringa haisubiri mpaka wa Rhodesia ufunguliwe.

Miaka ya 1980 ilionyesha gharama ya kusahau. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita ya Kagera ilikuwa imekausha hazina, na fedha za matunzo ya barabara zilitoka kwenye bajeti ileile iliyogombaniwa na dawa, mishahara na chakula. Barabara ilishindwa kila mwaka, na ni rahisi kuelewa kwa nini: hakuna waziri anayeng'olewa kwa sababu mtaro haukuzibuliwa. Barabara ya lami haifi ghafla. Kwanza kalavati linaziba kwa mchanga na majani. Maji yanakosa pa kwenda, yanatuama pembeni. Ufa mwembamba juu ya lami, ambao ungezibwa kwa ndoo moja ya lami ya moto, unayakaribisha ndani, kifusi cha chini kinalainika, na lori la kwanza lenye mzigo mkubwa linafungua shimo. Baada ya hapo kuziba viraka ni kujifariji. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilichapisha uchunguzi wa barabara za nchi 85 zinazoendelea: kazi ya ukarabati ya kinga yenye thamani ya chini ya dola bilioni 12 haikufanywa, na barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zikapotea. Tanzania ilikuwa kitabu cha mfano. Miaka ya 1990 wafadhili walirudi na mradi mkubwa wa barabara nchi nzima, na sehemu za Tanzam zikajengwa upya kwa mikopo.

Mageuzi ya kweli hayakuwa ya lami. Yalikuwa ya sheria. Sheria ya mwaka 1998 iliupa Mfuko wa Barabara bodi yake na chanzo chake, yaani tozo kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na ikaagiza kwamba angalau asilimia 90 ya fedha hizo ziende kwenye matunzo. Julai 2000 TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, ikaanza kazi. Sasa lori lililoichakaza barabara lilikuwa likiilipia kila linapojaza tangi, iwe uchaguzi umekaribia au la. Fedha hizo hazitoshi na hazijawahi kutosha, na serikali zimekuwa na mkono mwepesi wa kuchelewesha kinachokusanywa. Hata hivyo, ukinilazimisha kutaja tendo moja lililoirefushia Tanzam maisha tangu ilipojengwa, nitataja sheria hiyo kabla ya daraja lolote.

Tozo, hata hivyo, ni nusu tu ya habari, kwa sababu madhara ya uzito hayapandi kama bei sokoni. Majaribio yaliyofanyika Ottawa, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960, ambapo malori yalizungushwa mchana na usiku juu ya vipande vya barabara hadi vikavunjika, yalionyesha kwamba uharibifu unaongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Chukua ekseli iliyoruhusiwa tani 10, ipakie 12. Uzito umezidi kwa sehemu moja ya tano. Uharibifu umezidi mara mbili. Pale kwenye mlima wa Kitonga hesabu hii inaonekana kwa macho. Lori linaingia mlimani kutoka Ruaha Mbuyuni, dereva anashusha gia hadi ya mwisho, na kwa muda mrefu magurudumu yale mazito yanakanyaga palepale kwa mwendo wa mtu anayetembea, juu ya lami iliyolainishwa na jua la bonde. Nyuma yake linakuja jingine kwenye alama zilezile. Lami haipasuki, inasukumwa pembeni na kuacha mifereji miwili, na mvua ikinyesha mifereji hiyo inakuwa vijito ambavyo dereva wa basi anayeteremka hawezi kuvikwepa. Kuipanua njia hiyo kunawasaidia wanaotaka kupita. Hakuisaidii kitu lami inayokanyagwa.

Ndiyo maana mgogoro wa Oktoba 2013 ulikuwa na maana kubwa kuliko ulivyoandikwa. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alifuta msamaha uliowaruhusu wenye malori kuzidisha hadi asilimia 5 bila kulipa tozo. Wasafirishaji wakagoma, malori yakajaa kwenye mizani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasitisha agizo hilo. Asilimia 5 inaonekana kama huruma ndogo. Kwa hesabu ya Ottawa ni zaidi ya asilimia 21 ya uharibifu, kila ekseli, kila safari. Wasafirishaji hawakuwa wakaidi tu: mzigo husogea njiani, mizani mbili zinaweza kutofautiana, na dereva aliyepakiwa bandarini hana uwezo wa kupanga upya kontena lililofungwa kwa lakiri. Hayo ni malalamiko ya haki. Dawa yake ni mizani inayoaminika, inayopima kwa namna moja kutoka Vigwaza hadi Tunduma, na kupima mzigo unapotoka bandarini. Msamaha wa jumla unamhamishia mlipa kodi wa Njombe hasara ya mpakiaji wa Dar es Salaam.

Pingamizi zito zaidi ni la ushindani. Shaba ya Kongo na Zambia ina milango mingine: Durban, Beira, Walvis Bay, na sasa Lobito inarudi. Tukibana, wanasema, mzigo utahama. Ingekuwa kweli kama kila nchi ingebana peke yake. Lakini sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019 na kuweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, ilitungwa kwa sababu hiyo hasa, ili bandari zishindane kwa kasi ya kupakua na uaminifu wa forodha badala ya kushindana kuvunja barabara zao. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa mwaka huohuo, kinavutia mzigo kwa njia halali zaidi: siku moja iliyookolewa kwenye foleni ina thamani zaidi kwa mwenye lori kuliko tani mbili za magendo.

Kuna wanaosema suluhisho ni reli, na makubaliano ya 2024 kati ya Tanzania, Zambia na China ya kuifufua TAZARA yamewapa nguvu. Wapo sahihi kuhusu shaba. Hata hivyo TAZARA ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kuzifikia, kwa maradhi yaleyale: vichwa vya treni visivyotengenezwa na njia isiyotunzwa. Isitoshe, nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni havitasubiri behewa.

Kuhusu upanuzi wenyewe, historia inawapa wapangaji sifa moja na lawama moja. Hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande, katika sehemu ya Tanzam iitwayo Morogoro Road, ilikuwa mtazamo wa mbali, na bila hiyo njia nane zisingepata pa kupita. Lakini mstari ulibaki kwenye makaratasi huku nguzo za umeme na mabomba ya maji vikiwafuata wakazi hadi ndani yake, na mwaka 2017 tingatinga lilipofika Kimara na Mbezi lilibomoa nyumba ambazo dola ileile ilikuwa imeziuzia umeme.

Zamu inayofuata ni barabara ya kulipia kutoka Kibaha kwenda Chalinze, iliyopangwa kujengwa na mwekezaji. Mkataba wake utakapowekwa mezani, wengi watauliza kiwango cha tozo. Vifungu vinavyostahili kusomwa kwanza ni viwili: ni nani atakayesimamia mizani, mwekezaji ambaye kila lori kwake ni mapato, au mamlaka ya umma, na barabara ya zamani iliyo kando yake, ambako malori yanayokwepa kulipia yatakimbilia yote, itapata fungu gani kutoka Mfuko wa Barabara.