Jiko la Bati Lilivyopata Kiuno

Akina mama, wanaokuja kwetu kuomba mkopo wa kuanza kazi ya bati, karibu wote hutaja jiko. Si ajabu. Jiko la bati ni la zamani; inasemekana lililetwa na Wahindi waliojenga reli, ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Mafundi wa jua kali pale Shauri Moyo, Nairobi, walilikunja kwa bati la mapipa makuukuu, wakitumia nyundo, tindo na kipande cha reli kama fuawe. Lakini lilikula makaa vibaya sana! Moto ulipotelea ubavuni.

Miaka ya mwanzo ya 1980 likaja jiko lenye udongo ndani, kwa mfano wa lile la Thailand. Ya kwanza yalisumbua, udongo ukawa unapasuka. Basi jiko likabanwa kiunoni, udongo ukakaa nusu ya juu tu, ukiegemea bati. Hapo mama wa kununua makaa kwa mkebe akaona tofauti.

Na fundi hakuhitaji mashine. Nyundo ile ile, tindo ile ile, ila sasa kipimo hakina mchezo: kiuno kikipanuka udongo unadondoka, mdomo ukibana hauingii, bati limeshakatwa, na mkopo bado uko pale pale.