Mpiga upinde katika michezo ya njozi ya mtandaoni

Mpiga upinde ni mhusika wa michezo ya njozi ya mtandaoni anayepigana kwa mishale kutoka mbali. Huumiza sana, lakini mwili wake ni mwepesi: mapigo machache ya adui mwenye upanga yanatosha kumtoa uwanjani. Kwa hiyo mbinu zake zote huanzia kwenye kutunza umbali. Kwa anayecheza kwa simu huko Igamba, wilayani Mbozi mkoani Songwe, umbali huo ni wa aina mbili. Upo ule anaouona kwenye kioo, na upo ule ulio kati ya simu yake na kompyuta inayoendesha mchezo, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi na pengine nje ya bara. Miongozo mingi ya wanaoanza hufundisha ule wa kwanza na kuuacha wa pili, ilhali mchezaji wa Songwe hufa kwa aina zote mbili.

Chimbuko

Ulengaji wa upinde ulikuwemo katika Ultima Online tangu 1997 kama ujuzi wa kujifunza polepole. EverQuest ya 1999 ilikuwa na askari wa msituni anayetumia upinde pamoja na panga, na Ragnarok Online ya 2002 ikamfanya mpiga mishale kuwa kazi kamili. World of Warcraft ya 2004 ilileta mwindaji anayetembea na mnyama wake. Baadaye michezo ya timu mbili zinazogombea ngome ilimpa mpiga upinde sura anayojulikana nayo sana leo: Ashe wa League of Legends (2009), Drow Ranger wa Dota 2 (2013), na Miya wa Mobile Legends (2016). Huyo wa mwisho ndiye aliye karibu zaidi na wachezaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa mchezo wake ulitengenezwa kwa ajili ya simu tangu mwanzo.

Kutunza umbali

Anayeanza hudhani umbali bora ni ule mrefu kuliko wote. Sivyo. Umbali bora ni ule ambao mshale wako unafika na silaha ya adui haifiki, na hubadilika kwa kila adui. Zimwi lenye rungu unaweza kulikaribia zaidi kuliko mchawi mwenye moto unaoruka. Hata wapiga upinde halisi walilijua hilo. Wawata wa nyuma ya pwani ya Kenya, waliowinda tembo katika nyika ya Tsavo, walikuwa na pinde ndefu zenye nguvu nyingi mno, lakini hawakupiga kutoka mbali. Walimnyemelea tembo hadi karibu kabisa ili mshale wenye sumu uzame tumboni. Walichagua umbali kwa kuangalia kazi ambayo mshale ulitakiwa kuifanya.

Baadhi ya michezo imeandika sheria ya umbali ndani ya mhusika mwenyewe. Mwindaji wa World of Warcraft, kwa miaka ya mwanzo, hakuweza kabisa kutumia upinde adui akiwa amemsogelea mno, na kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 2012. Drow Ranger ana nguvu ya ziada inayozimika shujaa wa adui anapomkaribia. Ni somo zuri kwa anayeanza, maana linamwonyesha waziwazi wakati ambao ameshasimama pabaya.

Namna ya kutunza umbali ni kupiga na kusogea. Kila mpigo una sehemu mbili: mhusika huvuta upote hadi mshale utoke, kisha mikono yake hurudi mahali pake. Ukisogea kabla mshale haujatoka, mpigo unafutika na umepoteza muda bure. Ukisogea mara tu baada ya mshale kutoka, hupotezi kitu, kwa sababu ile sehemu ya kurudisha mikono inaweza kukatwa. Basi mzunguko ni huu: fyatua, piga hatua moja au mbili, fyatua tena. Kwenye simu, kidole gumba cha kushoto kinaendesha miguu na cha kulia kinabonyeza kupiga, na kosa la kawaida ni kushikilia kitufe cha kupiga muda wote huku miguu imesimama. Mchezaji afanye zoezi hilo peke yake kwenye uwanja wa mafunzo, dhidi ya sanamu isiyopiga, hadi vidole vipokezane bila kufikiri.

Mwelekeo wa kurudi nyuma nao una uzito wake. Wengi hurudi moja kwa moja, wakaangukia kwenye kundi jingine la mazimwi au wakajibana ukutani. Zunguka kwa duara pana katika eneo ambalo tayari mmelisafisha, ukijua njia ya kutokea iko upande gani kabla ya kufyatua mshale wa kwanza. Vichaka ambavyo huoni ndani yake vihesabiwe kuwa vina mtu.

Mshale hewani na ujumbe njiani

Mishale ya michezo ni ya namna mbili. Upo unaomfuata adui mwenyewe baada ya kumchagua, na huu haukosi. Upo mwingine unaokwenda pale ulipolenga tu, adui awepo asiwepo. Mapigo ya kawaida ya Ashe ni ya namna ya kwanza, na mshale wake mkubwa wa barafu ni wa namna ya pili. Mshale huo humgandisha adui kwa muda mrefu zaidi kadiri ulivyosafiri mbali.

Kwa mshale wa kulenga ni lazima upige mbele ya adui. Chukua mfano wa adui aliye mita 30, anayekimbia mita 5 kwa sekunde, na mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde. Mshale utakaa hewani sekunde 0.6, na adui atakuwa amehama mita 3. Hapo ndipo mahesabu ya vitabu vingi huishia. Kwa Igamba bado kuna muda ambao amri ya kidole hutumia kufika kwenye kompyuta ya mchezo na picha kurudi, ule wachezaji wanaouita pingi. Ukiwa sekunde 0.2, ongeza mita 1 nyingine mbele ya adui.

Muda huo una chanzo chake, na inafaa kukielewa kabla ya kuilaumu simu. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia hugharimu sehemu moja ya elfu ya sekunde kwenda na kurudi. Kutoka Songwe hadi Dar es Salaam, zinakotia nanga nyaya za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010), ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Johannesburg iko karibu kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka, na miji ya Ulaya ya kati ni zaidi ya 6,500. Hata njia ingenyooka kama uzi, seva, yaani kompyuta ya mchezo, iliyoko Ulaya ingedai si chini ya sehemu 65 za elfu za sekunde, na njia halisi hupinda, hupitia mnara wa simu na kupanga foleni njiani. Ndiyo maana mchezo unaokuruhusu kuchagua eneo la seva uchaguliwe kwa makini, na palipo na seva ya Afrika Kusini ijaribiwe kwanza.

Pingi ya juu iliyotulia ni afadhali kuliko ya chini inayoruka-ruka, kwa sababu kilichotulia unaweza kukizoea. Mwenye pingi kubwa arefushe hatua zake kati ya mishale, atumie zaidi mishale inayomfuata adui, na atoroke mapema: ujuzi wa kuruka nyuma utumike adui anapoanza kukimbia kuja, maana akishafika amri yako itachelewa. Kabla ya mchezo, zima programu nyingine zinazokula bando kimyakimya.

Nani apigwe

Jibu la haraka ni adui wa karibu asiyeweza kukufikia. Anayeanza huona mganga wa adui nyuma ya mstari, akamtamani, akapita mbele ya wenzake na kufa. Mpige mbeba ngao aliye mbele yako. Mtu anayeumizwa bila kukoma hurudi nyuma au huanguka. Mobile Legends ina mpangilio wa kuchagua shabaha kwa ukaribu au kwa uhai mdogo. Kwa wiki za mwanzo ukaribu ni salama zaidi, kwa kuwa haumvuti mhusika kufuata windo dhaifu hadi katikati ya maadui.

Dhidi ya mazimwi yanayoendeshwa na kompyuta kuna jambo la hasira. Zimwi humfuata aliyeliumiza zaidi, na mpiga upinde huumiza haraka. Mwache mwenye ngao apige kwanza, uhesabu sekunde chache ndipo uanze. Mwindaji wa World of Warcraft humtuma mnyama wake atangulie, na hasira ikimgeukia anaweza kujifanya amekufa ili zimwi limsahau.

Mishale ya sumu hutaka subira ya aina yake. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaotumia sumu waiitayo panjube, hawamkimbizi mnyama mara baada ya kumchoma. Huiacha sumu ifanye kazi, kisha hufuata nyayo na damu. Mchezoni ni vivyo hivyo: mshale wa sumu ukishaingia, rudi nyuma na uache muda umalize. Kumfukuza adui anayekufa ni njia maarufu ya kufa pamoja naye.

Vifaa

Viatu vya mwendo kwanza, kisha kasi ya kupiga, kisha nguvu ya pigo. Mpangilio huu haukubaliki kwa kila mhusika, lakini kwa anayeanza unasamehe makosa mengi. Katika michezo ya ngome, fedha za kununulia vifaa hutoka kwa askari wadogo wa kompyuta, na katika mingi kati yake hulipwa kamili yule aliyetoa pigo la mwisho. Usipige ovyo: subiri uhai wa askari ufikie kiasi cha mshale mmoja. Michezo michache bado inahesabu mishale iliyomo podoni. World of Warcraft iliachana na hesabu hiyo mwaka 2010. Palipo na hesabu, beba ya ziada kabla ya kuingia pangoni.