Kadi ya grafiki kazini: saidia utafiti bila kuunguza umeme wala mashine

Vijana wa mtaani kwetu hununua kompyuta zenye kadi kubwa za grafiki kwa ajili ya gemu na kuhariri video za harusi. Kazi ikiisha, kadi imelala. Yangu mimi huipa kazi ya kheri: kumpigia hesabu mtafiti nisiyemjua.

Mipango hii ni ya kitambo. Folding@home, inayochunguza namna protini zinavyojikunja, ilianza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kadi za grafiki zikaingia 2006. Einstein@Home, iliyoanza 2005, husaka nyota aina ya pulsa na mawimbi ya mvutano kupitia programu ya BOINC. Kadi hufaa kwa kuwa hupiga maelfu ya hesabu za namna moja kwa pamoja.

Lakini kuwasha tu hakutoshi. Zingatia haya:

Draiva: Ichukue kwa mtengenezaji wa kadi mwenyewe. Ile inayoletwa na Windows pengine haina sehemu za OpenCL au CUDA, na bila hizo kadi haionekani.

Prosesa: Acha kiini kimoja huru kwa kila kadi. Ndicho kinachoilisha, kikibanwa, kadi hukaa njaa.

Kazi mbili kwa pamoja: Einstein@Home hukuruhusu kuweka 0.5 ili kadi ibebe kazi mbili. Pima kwanza. Ikiwa kazi moja huchukua dakika 20 na mbili kwa pamoja dakika 35, umefaidi. Zikichukua 45, rudi kwenye moja.

Muda: Folding@home hutoa pointi za ziada kwa anayerudisha kazi mapema, mradi awe na namba ya siri ya mshiriki, amalize kazi 10, na arudishe salama angalau asilimia 80. Ukitaka kuzima, bonyeza Finish ili imalize iliyonayo bila kuchukua nyingine. Kazi iliyokatizwa ikapitwa na muda hupewa mtu mwingine.

Umeme: Hapa ndipo penye maumivu. Kadi inayokula wati 150 kwa saa 8 humaliza uniti 1.2, kwa siku 30 ni uniti 36 za tokeni, mbali na kompyuta yenyewe. Kwa programu kama MSI Afterburner, shusha kiwango cha umeme hadi asilimia 70 hivi. Kasi hupungua, lakini si kwa kadiri umeme unavyopungua, na joto nalo hushuka.

Joto: Pwani yetu ina unyevu na hewa ya chumvi. Mwaka wa kwanza niliiacha mashine pembeni ya ukuta, feni ikajaa vumbi lililogandamana, kadi ikawa inazimika kila adhuhuri. Sasa huisafisha kila mwezi na huiendesha usiku, dirisha likiwa wazi.

La mwisho ni ruhusa. Kompyuta ya ofisi, ya shule au ya saiba ni amana; usiifanyishe kazi hii bila mwenyewe kujua, kwani bili ni yake. Hata nyumbani, zungumza kwanza na anayenunua tokeni. Sadaka haitolewi kwa mfuko wa mwingine, na israfu haigeuki kuwa kheri kwa kuitwa sayansi. Ukiwa na saa mbili tu za usiku, toa hizo mbili.