Fundi Sanifu wa Picha: Maana ya Istilahi na Mafunzo Yake

Katika studio za picha za biashara za New York na London, ambako picha moja ya saa ya mkononi au ya gauni la harusi huweza kukusanya mpiga picha, wasaidizi, warembaji na wajumbe wa mwenye bidhaa kwa siku nzima, yuko mtu asiyeshika kamera wala taa, bali husimama mbele ya kompyuta iliyowekwa juu ya toroli, na kazi yote ya siku hiyo hupita mikononi mwake. Kwa Kiingereza huitwa digital technician. Wengi wetu tungemwita msaidizi wa mpiga picha tukaishia hapo. Nionavyo mimi, jina hilo humdhulumu, kwa kuwa haliitaji dhamana aliyopewa.

Zama za filamu, mpiga picha aliujaribu mwanga wake kwa karatasi ya Polaroid, kisha akaipeleka filamu kwa wasafishaji, akangoja. Mwaka 1991 ilipotoka Kodak DCS 100, kamera ya kidijitali ambayo diski yake ilichukuliwa begani ndani ya sanduku la peke yake, kazi ya chumba cha giza ilianza kuhamia pale pale picha inapopigwa, na kadiri miaka ilivyopita ikataka mtu wa kuisimamia. Leo kebo ndefu, aghalabu ya rangi ya machungwa ili mpitaji aione asijikwae, huiunganisha kamera na kompyuta, na mwenye bidhaa huiona picha ghafi kwenye skrini papo hapo.

Asubuhi, kabla ya yote, fundi huipima skrini kwa chombo maalumu mpaka weupe wake ukae katika kiwango kilichokubaliwa, aghalabu Kelvin 6500. Kisha huweka mbele ya kamera kibao chenye miraba 24 ya rangi, ambacho asili yake ni ya mwaka 1976, kila mraba ukiwa na thamani inayojulikana, ili kompyuta ilinganishe rangi iliyonaswa na rangi ya hakika. Taabu hiyo ina sababu: kitambaa cha damu ya mzee kikitokea kahawia katika tangazo, mnunuzi atakirudisha dukani, na lawama itamrejea aliyekipiga picha.

Fauka ya rangi kuna amana. Katika Capture One, programu iliyoasisiwa na kampuni ya Phase One ya Denmark, kazi hufunguliwa folda nne: ya picha zilizopigwa, ya zilizochaguliwa, ya zilizokamilishwa, na ya taka. Fundi huhakikisha kwamba kila picha ina nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, moja ikitunzwa nje ya jengo. Na kama karani wa bandari asiyeruhusu jahazi kung'oa nanga kabla ya kuhesabu marobota, haruhusu kadi ya kamera kufutwa kabla ya nakala kulinganishwa na asili yake.

Kwa hiyo napendekeza fundi sanifu wa picha za kidijitali. Tanzania neno fundi sanifu lina daraja lake tangu zamani, kati ya fundi mchundo na mhandisi: ni mtu ambaye mkono wake huongozwa na elimu. Wako wanaopendelea picha za tarakimu, kwa kufuata mfano wa neno tarakilishi, yaani kompyuta, linalotumika Kenya, nami nakiri kwamba neno hilo ni zuri. Lakini kidijitali limekwisha kuenea vinywani mwa watu, na istilahi isiyosemwa haimfai mwanafunzi.

Mafunzo, basi, yasiwe ya programu peke yake, kwa kuwa programu hubadilika kila mwaka. Mwanafunzi afundishwe mwanga na rangi, umeme, utunzaji wa faili, na adabu ya kutotoa rai juu ya picha mbele ya mteja asipoulizwa. Na siku ya mtihani, kazi ikiwa imepamba moto na watu wamesimama wakimtazama, mkufunzi aichomoe kebo bila ya kumwonya, kisha amwulize picha ya mwisho iko wapi: katika kadi, katika kompyuta, au imepotea, na asipewe cheti mpaka ajibu kwa hakika, na kazi iendelee.