Saa ya Kuipimia Saa: Uhakiki wa Kasi ya Prosesa Tangu 1981

Prosesa ya kompyuta hufanya kazi kwa mapigo yanayotokana na fuwele ya kwazi iliyobandikwa kwenye ubao mama, yaani ule ubao mkubwa unaounganisha sehemu zote za mashine, na kasi yake hutajwa kwa megahezi, ambazo ni mamilioni ya mapigo kwa sekunde. Kupandisha kasi ni kuilazimisha prosesa ipige mapigo mengi kuliko yaliyoandikwa na kiwanda juu ya mgongo wake. Desturi hiyo inakaribia kulingana kwa umri na kompyuta ndogo yenyewe, lakini historia yake imezoeleka kusimuliwa kama historia ya namba kubwa na mitungi ya nitrojeni ya kupozea, ilhali swali lililowasumbua wahusika tangu mwanzo ni jingine kabisa: namba inayotajwa imepimwa kwa saa ipi, na saa hiyo iko mikononi mwa nani?

Katika IBM PC iliyotoka mwaka 1981 swali hilo halikuwa na jibu zuri, kwa kuwa mashine nzima ilitegemea fuwele moja ya megahezi 14.318, kiwango kilichochaguliwa kwa sababu ni mara nne ya mapigo ya rangi katika mfumo wa televisheni wa Marekani. Mapigo hayo yaligawanywa kwa 3 ili kuipatia prosesa megahezi 4.77, na yakagawanywa kwa 12 ili kukiendesha kipima muda kilichohesabu saa na dakika. Kwa mpangilio huo, mtu ambaye angebadili fuwele angeiharakisha prosesa na saa kwa kiasi kilekile, hivyo mashine ikijipima yenyewe ingetoa jibu la zamani, na juu ya hayo rangi za skrini ya televisheni zingevurugika. Mambo yaligeuka mwaka 1984 IBM ilipotoa modeli ya AT, ambayo prosesa yake ya 80286 ilipewa fuwele ya peke yake yenye megahezi 12, iliyogawanywa kwa 2 kupata 6, huku kipima muda kikiachiwa ile fuwele ya zamani. Fuwele ya prosesa ilichomekwa kwenye soketi, nayo iliweza kung'olewa na kubadilishwa na ya megahezi 16 au 18 bila kuigusa saa, na kwa mara ya kwanza ongezeko la kasi likawa kitu kinachoweza kuthibitishwa ndani ya mashine ileile. IBM nayo iliitumia tofauti hiyo kwa faida yake, kwani katika toleo la baadaye la programu dhibiti, yaani maelekezo ya kudumu yaliyomo kwenye chipu ya ubao mama na yanayotangulia kufanya kazi mashine inapowashwa, iliweka jaribio la kulinganisha kasi ya prosesa na kipima muda, na mashine iliyoonekana kwenda mbio kupita kiasi ilikataa kuwaka. Programu dhibiti, ambayo leo hutazamwa kama rafiki wa mpandishaji kasi, ilianza basi kama askari wa forodha.

Miaka iliyofuata ilileta vipimo vingi vilivyopima kidogo sana. Kwenye makasha ya kompyuta za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na kitufe cha Turbo cha kubadilisha kasi, na kando yake kidirisha chenye tarakimu mbili au tatu zilizowaka kuonyesha megahezi. Nyuma ya kidirisha hicho hakukuwa na kifaa chochote cha kupimia, bali safu ya jampa, yaani vifuniko vidogo vya kuunganisha pini mbilimbili, ambavyo fundi alivipanga kwa mkono ili kuchagua vijiti gani vya mwanga viwake kitufe kikibonyezwa na vipi viwake kikiachwa. Fundi aliyetaka mashine ya megahezi 33 isomeke 66 alihitaji dakika chache tu na uvumilivu wa vidole. Programu za upimaji zilikuwa na uaminifu zaidi, ingawa nazo zilikuwa na upofu wake: SI, iliyokuwa sehemu ya Norton Utilities, ilitoa uwiano ambao ndani yake IBM XT ilihesabiwa kuwa 1.0, na Landmark ilieleza kompyuta ya AT ingehitaji megahezi ngapi ili ilingane na mashine inayopimwa. Zote mbili zilirudiarudia mzunguko mfupi wa maagizo, na mzunguko huo ulipotoshea wote ndani ya kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, majibu yalipaa hadi viwango ambavyo kazi halisi ya mtumiaji haikuvifikia kamwe.

Udanganyifu wa wauzaji ndio ulioufanya uhakiki kuwa jambo la fedha. Tangu mwaka 1992, 486DX2 ilipoingia sokoni, prosesa za Intel zilianza kupata kasi yake kwa kuzidisha mapigo ya ubao mama kwa namba maalumu iitwayo kizidishi, na katika miaka ya 1990 wafanyabiashara wasio waaminifu walifuta maandishi ya chipu, wakaandika kasi ya juu zaidi, kisha wakaziuza kwa bei ya hiyo kasi mpya. Intel ilifunga kizidishi, ikiutaja ughushi huo kuwa sababu, lakini mapigo ya ubao mama yalibaki huru. Agosti 24, 1998, siku ambayo Pentium II ya megahezi 450 ilitangazwa, ilitoka pia Celeron 300A, ambayo kizidishi chake kilikuwa 4.5, hivyo ubao ulioipa mapigo ya megahezi 100 badala ya 66 uliifikisha 450, sawa na ndugu yake wa bei kubwa. Nyingi zilistahimili, na mbao za kampuni ya Abit, zilizokuwa na ukurasa wa SoftMenu ndani ya programu dhibiti, ziliwaondolea watumiaji haja ya kugusa jampa.

Ili kujua kama 450 hiyo ni ya kweli, watu walitegemea kihesabio kilichowekwa ndani ya Pentium mwaka 1993, ambacho huongeza moja kwa kila pigo la prosesa. Programu husoma kihesabio, husubiri muda unaojulikana kwa kipima muda cha ubao mama, kisha husoma tena. Tofauti ikiwa milioni 450 kwa sekunde moja, shauri limekwisha. Njia hiyo safi haikudumu, kwa sababu prosesa zilizofuata zilijifunza kupunguza na kuongeza kasi zenyewe ili kuokoa umeme, na watengenezaji wakaamua kihesabio kiende kwa mwendo mmoja usiobadilika, jambo lililokifanya kiwe saa nzuri na kipimo kibaya. CPU-Z, programu ya Mfaransa Franck Delattre, husoma kizidishi kutoka kwenye rejista za prosesa, yaani hifadhi ndogo zilizo ndani yake, na kukizidisha kwa mapigo ya msingi, kisha huweza kutoa faili la ushahidi linalotumwa kuhakikiwa mahali pengine, mbali na mikono ya mwenye rekodi.

Hata hivyo kasi iliyothibitishwa si lazima iwe kasi inayofaa kwa kazi. Prosesa ya AMD FX-8150 ilipoandikishwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2011 kwa gigahezi 8.429, ilipozwa kwa heliamu ya kimiminika na kuachiwa viini, yaani sehemu za kukokotoa, viwili tu kati ya vinane. Kwa sababu kama hiyo washindani wa kupandisha kasi walikuwa wakidai hesabu ikamilishwe pia. Super PI, iliyotokana na kazi ya maabara ya Yasumasa Kanada katika Chuo Kikuu cha Tokyo, ilitumiwa kukokotoa tarakimu milioni moja za pai huku muda ukihesabiwa, na toleo lake lililorekebishwa likaongezewa alama ya uhakiki ili picha za skrini zisighushiwe. Prime95 ya George Woltman, iliyoandikwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa, ilipendwa kwa kuwa hujikagua na kusimama mara hesabu inapoharibika. Nguvu ya vipimo vya namna hii ilimwangukia mtengenezaji mwenyewe mwaka 2000, Pentium III ya gigahezi 1.13 iliyotoka Julai 31 iliposhindwa, mikononi mwa wakaguzi huru akiwemo Thomas Pabst, kukamilisha kazi ya kuunda kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Kabla Agosti haijaisha, Intel iliirudisha kiwandani.

Kisa cha IBM PC ya 1981 kilijirudia kwa sura nyingine Agosti 2013. HWBOT, inayotunza orodha za rekodi hizo, ilikataa matokeo ya Windows 8 baada ya kubainika kwamba mapigo ya msingi yakibadilishwa mashine ikiwa imewaka, saa ya mfumo nayo huyumba pamoja nayo. Aliyewasha kompyuta kwa mapigo ya juu kisha akayashusha alipata sekunde ndefu kuliko za ulimwengu, na kipimo kikamhesabia ushindi.

Kwa upande wa mbao, masasisho ya programu dhibiti yamefungua milango na kuifunga kwa zamu. Mwishoni mwa mwaka 2015 kampuni ya ASRock ilitoa matoleo yaliyoruhusu prosesa za Intel za Skylake zilizofungwa kizidishi kupandishwa kasi kupitia mapigo ya msingi, na mapema 2016 masasisho mapya yakaiondoa ruhusa hiyo, kwa hiyo namba iliyothibitishwa mwezi mmoja haikuweza kurudiwa baada ya kusasisha. Mbao nyingi zilifanya zaidi ya kuruhusu. Tangu kipindi cha mbao za chipseti ya Z77, mwaka 2012, baadhi yake ziliviendesha viini vyote kwa kasi ambayo Intel iliikusudia kwa kiini kimoja, tena bila mtumiaji kuomba. Na mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya mbao za prosesa za AMD ziliiripotia prosesa umeme mdogo kuliko ule iliokuwa ikiutumia, nayo ikajiongezea kasi ikidhani bado iko ndani ya mipaka. Hapa programu inayosoma tu namba hiyo kwenye rejista haiwezi kugundua kosa, kwa kuwa rejista yenyewe imelishwa uongo. Kinachobaki ni mita ya umeme iliyo nje ya kasha.

Mwaka 2024, malalamiko ya kuharibika kwa prosesa za Core za kizazi cha 13 na cha 14 yalipoenea, mabishano yalianzia kwenye mipangilio hiyo ya mbao kabla ya Intel kukiri kwamba maikrokodi yake, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa yanayopakiwa na programu dhibiti, ilikuwa ikiomba volteji ya juu mno. Sasisho la 0x129 la Agosti mwaka huo liliweka kikomo cha maombi hayo kuwa volti 1.55, na wamiliki waliolipakia walirudi kwenye programu zao za upimaji kulinganisha namba za kabla na za baada.